Dakika Nne za Mama

Mwalimu Mkuu alifika kwa dada yake saa nne asubuhi, siku ya kazi, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi shemeji yake, aliyekuwa akichomelea fremu barazani. Mtu huyu hakuwahi kukosa shule hata siku aliyoumwa homa. Fundi alizima mtambo, akainua kinga ya macho, akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kuunyoosha.

"Karibu, shemeji. Kwema?"

"Kwema. Mwenyewe yumo?"

"Yumo chumba cha kazi. Siku ya tatu leo hatoki humo, ila kwenda kumlisha mama."

Mwalimu Mkuu hakucheka wala hakukaa. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, na alipopita katikati ya vyuma aliinua suruali yake isiguse kutu.

Chumba cha kazi kilikuwa cha watoto, enzi zile wenye nyumba walipokuwa bado wanawangoja watoto. Sasa kulikuwa na picha za rangi zimeegemezwa ukutani zikitazama ukuta, kama wanafunzi walioadhibiwa. Kulikuwa na cherehani, kompyuta yenye kioo kikubwa, kamera mbili kuukuu, na shuka nyeupe zilizopangwa mpaka usawa wa kifua. Dada mtu alikuwa amepiga magoti sakafuni, sindano mdomoni, akiunga shuka mbili. Mtaani walimwita Mama Viraka. Hakuwa na mtoto wa jina hilo, ila hakuna aliyewahi kumwona akikiruka kitambaa kibovu njiani. Miaka ishirini alikuwa amechora mabango ya maduka na kupiga video za harusi za watu ili ale, na saa zilizobaki alifanya yake. Alichora, alishona, alichonga, na miaka ya karibuni alikuwa akitengeneza filamu. Nyingi kati ya kazi hizo ziliishia chini ya kitanda. Safari hii Jumba la Maonyesho lilikuwa limempa ukumbi mzima wa chini kwa miezi mitatu. Zilibaki siku tisa.

Kaka yake aliifungua ile karatasi juu ya cherehani. Lilikuwa tangazo la maonyesho. Mama yao alikuwa ameketi juu ya rundo la shuka za hospitali, miguu mitupu imevimba, anacheka, na kinywani hamna jino hata moja.

"Limebandikwa mkabala na geti la shule yangu," alisema. "Mwalimu wa zamu ananiuliza mbele ya watoto, 'Mkuu, huyu si mama yako?' Hata meno hukumvalisha?"

"Aliyakataa. Alisema yanamfanya aseme uongo."

"Usinifanyie mzaha."

"Mama alikuwa dobi wa hospitali, kaka. Miaka thelathini na mmoja. Hakuwa mwizi."

"Najua alikuwa nani, mimi nimesomeshwa na sabuni hiyohiyo! Lakini mambo ya ndani ni ya ndani." Aliikunja tena karatasi, taratibu, akifuata mikunjo ileile. "Na humo kwenye filamu mna nini?"

Mama Viraka alitoa sindano mdomoni akaichomeka begani kwenye gauni. "Mna mama anazungumza."

"Anazungumza nini?"

"Maisha yake."

"Yote?"

Mama Viraka alianza kutafuta uzi uliokuwa mbele ya macho yake. Kaka yake aliuona ukimya ule akaudhani ni ukaidi wake wa siku zote, ule uliomfanya aache chuo cha ukatibu akiwa na miaka kumi na tisa ili akachore. Akasema, "Basi twende tukamuulize mwenye maisha yake. Akisema ndiyo, mimi sina neno tena."

Mama yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, taulo mapajani. Alilikunja mara tatu, akalisawazisha kwa kiganja, akalikunjua, akaanza upya. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Vingine vyote vilikuwa vikimtoka kidogo kidogo tangu mwaka jana, kama mchanga kwenye gunia lililotoboka.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Mkuu aliinama.

"Marahaba, daktari. Shuka za leo hazijakauka, usinigombeze."

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Mwanangu yuko shule." Alimwonea huruma mgeni kwa kutojua. "Ana akili huyo, sikwambii! Hana muda wa kukaa na vizee."

Mwalimu Mkuu alikohoa, akatazama nje kidogo, kisha akachuchumaa. Alieleza polepole, kwa sauti anayowapa watoto wa darasa la kwanza, kwamba binti yake alimpiga picha akizungumza, na anataka kuwaonyesha watu. Je, ameridhika?

"Ndiyo," alisema mama.

"Unajua walio huko ni watu usiowajua?"

"Hapana, basi."

"Hapana, au ndiyo?"

Mama aliwatazama wanawe mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa. "Niambieni mnataka niseme lipi," alisema, "nami nitalisema."

Mwalimu Mkuu alisimama, akapangusa magoti. "Iondoe hiyo filamu," alimwambia dada yake bila kumtazama. "Shuka zako tundika. Filamu iondoe."

* * *

Alichokuwa hakijui Mwalimu Mkuu kilichukua dakika nne, katikati ya filamu ya dakika ishirini na mbili. Kilirekodiwa miaka miwili iliyopita, katika chumba kilekile cha mama, alasiri moja ambayo Fundi alishika taa mpaka mkono ukamfa ganzi, kwa kuwa hakuthubutu kuihamisha. Akili ya mama ilikuwa bado nzima. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa akieleza jinsi damu inavyotolewa kwenye pamba, akanyamaza, kisha akaendelea bila kubadili sauti.

"Walikuwa wawili. Wa kike alitangulia, wa kiume akafuata. Baba yenu alikuwa mbali kikazi. Mimi nilirudi kufua siku ya kumi na mbili, maana pale ukikosa wiki mbili nafasi yako anapewa mwingine. Maziwa yakapungua, yakawa ya mmoja. Ya kopo nilikuwa nayaona dukani tu. Wa kiume alikuwa anavuta kwa nguvu na analia sana. Wa kike analala. Nikajiambia, asiyelia hana njaa. Nilijua ana njaa. Nilijua. Siku ya ishirini na tatu niliamka nikamsikia mmoja tu anapumua. Nikamfunga kwenye shuka ya hospitali. Niliichukua bila ruhusa. Ndicho kitu pekee nilichowahi kuiba pale. Kaka yako mpaka leo nikimwona anakula, moyo unafurahi, halafu haufurahi."

Hapo filamu ilirudi kwenye mashine za kufulia. Lakini kamera siku ile haikuzimwa palepale. Kwenye kanda mbichi, ambayo Mama Viraka hakuiweka kwenye kazi yake, mama alifuta pua kwa upindo wa kanga akasema, "Waonyeshe watu, sikukatazi. Nimelibeba peke yangu vya kutosha. Ila subiri kwanza nimwambie kaka yako mwenyewe. Shule zikifungwa nitamwambia."

Shule zilifungwa mara ya kwanza, mama akasema mwanawe amechoka, amwache apumzike. Zikafungwa mara ya pili, mwana akawa na semina. Zilipofungwa mara ya tatu, mama alimpokea mlangoni akamuuliza amemletea nani barua.

* * *

Kesho yake baada ya kaka kuja, Mama Viraka alikwenda Jumba la Maonyesho na furushi la shuka kichwani. Mlinzi wa mlango mkubwa alimwonyesha kwa kidole bila kuacha kutafuna. "Wa usafi mlango wa nyuma."

"Mimi ndiye mwenye maonyesho."

Mlinzi alilitazama tangazo ukutani, akamtazama yeye, akalitazama furushi. "Wa kwenye picha ni mzee," alisema. Mama Viraka akazunguka nyuma.

Msimamizi wa Jumba alikuwa kijana mwenye heshima, viatu vyeupe, na mezani hakuwa na kitu ila simu mbili. Alimtua mgeni furushi yeye mwenyewe, akamletea maji ya baridi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimpa Mama Viraka matumaini yasiyostahili.

"Dakika nne," alirudia Msimamizi.

"Nne tu. Nimeshapima. Pale pa mashine na hapa pa kamba za kuanikia panaungana vizuri, hakuna atakayejua."

"Mama yangu, nitakwambia kweli kwa sababu nakuheshimu. Hizo dakika nne ndizo kazi. Ukizitoa, kinachobaki ni mtu anafua."

"Huyo mtu anafua ni kazi ya miaka sita."

"Na ni nzuri. Sijasema si nzuri." Alivuta droo, akatoa mkataba, akaugeuzia upande wa mgeni. "Lakini filamu ni ya Jumba sasa, kama ilivyo, haipunguzwi wala haiongezwi. Saini hii si yako?"

Ilikuwa yake, na hata mkia wa herufi ya mwisho alikuwa ameuchora kwa mbwembwe. Siku ile alitia saini akiwa amesimama, kwa furaha. Fedha yenyewe ilikuwa imeshakuwa dawa za mama, magodoro ya plastiki, na mshahara wa mama jirani anayekuja kumgeuza kitandani.

"Ni kaka yangu," alisema. "Hajui. Atalijulia hapa, kati ya watu."

"Basi mwambie kabla." Msimamizi alisema hivyo kwa upole wa kweli, maana kwake lilikuwa jambo jepesi. "Bado una siku nane."

Alirudi nyumbani akamkuta Fundi anapiga rangi fremu ya mwisho. Alimweleza. Fundi alichovya brashi, akaikung'uta, akasema, "Siku ile nilikwambia tuzime kamera."

"Hukusema."

Fundi alifikiri. "Kweli. Nilitaka kusema."

* * *

Siku saba Mama Viraka alikuwa anamwambia kaka yake. Alimwambia jikoni akiosha vyombo, alimwambia njiani akienda kununua kamba, alimwambia kwa maneno ya kila namna, na kila mara kaka hakuwepo. Alimpigia simu mara mbili akaishia kumwuliza hali ya watoto. Siku moja kabla ya ufunguzi alimwita aje, na alipofika hakuweza. Alimvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Tazama yote," alisema. "Mimi nipo nje."

Alisimama uani karibu na pipa la maji. Dirishani aliona kisogo cha kaka yake na kola iliyonyooka, na pembeni yake uso wa mama ukisema kwenye kioo. Alijua kila neno liko wapi. Alikuwa amehariri kipande kile wiki tano, akipunguza pumzi hapa, akirefusha ukimya pale, mpaka alipokuwa anakisikia kama msumeno unavyosikika kwa seremala. Sasa alikisikia upya. Kola haikutikisika. Filamu ikaisha, kioo kikawa cheusi, na kaka yake akabaki ameketi mbele ya giza lile kwa muda mrefu.

Alipotoka alikuwa ameshika miwani yake. "Nani mwingine anajua?"

"Fundi. Alishika taa."

"Na nani?"

"Na… watu wa Jumba."

"Watu wa Jumba." Alitikisa kichwa kama mtu anayehesabu wanafunzi na kuona mmoja hayupo. "Wameitazama wakakaa kikao. Wakasema hii ni nzuri. Mimi nikiwa ofisini nasahihisha madaftari."

"Nilikuwa namsubiri mama akwambie. Alitaka akwambie mwenyewe, kaka. Ninayo kanda, amesema—"

"Ulimsubiri na kamera."

Fundi alitokeza barazani na bakuli la maji ya kunawa, akawaona, akarudi ndani nalo.

"Itoe," alisema Mwalimu Mkuu. Sauti yake haikuwa ya amri tena. "Nakuomba. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Siwezi. Nimeshauza."

"Umeuza nini?"

Mama Viraka alifungua kinywa. Alitaka kusema filamu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, na lilikataa kutoka.

Kaka yake alivaa miwani, akapita katikati ya vyuma vya Fundi, na safari hii hakuinua suruali.

* * *

Ufunguzi ulijaa watu kuliko ilivyotarajiwa. Mfadhili wa maonyesho, katika hotuba yake, alimwita Mama Viraka "huyu dada yetu fundi cherehani", watu wakapiga makofi. Shuka thelathini na moja zilining'inia kutoka darini kwenye fremu za Fundi, moja kwa kila mwaka wa kazi, na filamu ilipita juu ya zote, hata uso wa mama ukawa mkubwa kwenye shuka ya mbele na ukazidi kufifia kila uliposogea nyuma. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua hivyo, kama fundi anavyojua, na hakukuwa na mahali pa kuliweka hilo. Mwandishi wa gazeti alimsogezea simu mdomoni. "Unajisikiaje leo?"

"Vizuri," alisema. "Asanteni kwa kuja."

Saa nane alimwona kaka yake. Alikuwa peke yake, na suti ya kahawia aliyooa nayo. Hakumsalimu mtu. Alikwenda kusimama nyuma, kwenye shuka ya mwisho, pale uso wa mama ulipokuwa kivuli tu na kilichosikika ni sauti.

Dakika zile nne zilipofika, ukumbi ulinyamaza. Wasichana wawili walishikana mikono. Karibu na Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, amejitanda mtandio wa bei, machozi yanamtiririka bila aibu. Filamu iliporudi kwenye mashine za kufulia alimgeukia jirani yake, kama watu wanavyofanya msibani hata wasipojuana.

"Najiuliza huyo wa kiume yuko wapi sasa," alisema. "Anaishije na jambo kama hilo?"

"Labda hakuambiwa," alisema Mwalimu Mkuu.

"Basi heri yake!" Yule mama alifuta macho, akapiga picha na simu, akaenda kuchukua juisi.

Mwalimu Mkuu alipenya kati ya shuka mpaka alipomfikia dada yake mlangoni. Alimshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akimvusha barabara walipokuwa wadogo. "Zima."

"Kaka…"

"Kwa leo tu. Zima, useme mtambo umeharibika."

"Mtambo uko kwenye chumba chao. Ufunguo ni wao. Mimi hata nikitaka kuingia kesho lazima nikate tiketi."

Mama Viraka alidhani kaka yake atapiga kelele, na kwa kweli angeshukuru. Kaka alimwachia mkono tu. Walitoka, wakaketi kwenye ngazi za nje, yeye na kaka yake, katikati ya watu wanaopanda na kushuka. Baada ya muda sauti ya mama ilianza upya nyuma yao, ikieleza habari za sabuni.

"Inarudia mara ngapi?" aliuliza kaka.

"Mpaka wafunge, saa kumi na mbili. Halafu kesho."

"Mpaka lini?"

"Miezi mitatu."

Mwalimu Mkuu alitazama viatu vyake. "Kila wiki tunaleta madarasa mawili kwa ziara hapa," alisema. "Ratiba niliitia saini mwenyewe, mwezi uliopita."

* * *

Walirudi pamoja jioni, jua lingali juu. Mama jirani aliyeshinda na mgonjwa alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Alisema bibi hajala tangu asubuhi, amefunga meno ambayo hata hana, labda wao wana bahati. Mama Viraka alipasha supu. Kaka yake alimpokea bakuli mlangoni.

"Lete. Nitamlisha mimi."

Hakuwahi kumlisha. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akavuta kigoda mbele ya kiti cha mama yake. Alipuliza kijiko mara mbili, akakionja kwa ncha ya ulimi kama alivyowaona wanawake wakifanya. Dada yake alisimama kizingitini. Nyuma yake Fundi alikuwa anashusha ngazi na kamba kutoka kwenye mkokoteni, akijitahidi zisilie.

"Mama, kula kidogo."

Mama alimtazama kwa makini. Kwa muda usoni mwake palikuwa na kitu kama mtu anayetafuta jina mlango kwa mlango. Mwalimu Mkuu alisubiri na kijiko mkononi. Alikuwa amepanga swali moja tu njiani, kama yule mtoto wa kike alikuwa amepewa jina, lakini kulitoa alishindwa.

Mama aliweka kidole kwenye kijiko, akakisukuma pembeni kwa upole.

"Wewe umeshashiba," alisema. "Mpe mwenzio."

Kijiko kilibaki hewani. Supu ilidondoka tone moja kwenye suruali ya kahawia, likafuata la pili.

"Mwenzangu yupi, mama?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mama. Yupi?"

Lakini mama alikuwa amelipata taulo lake. Alilikunja mara tatu, akalisawazisha, akalitazama kama limenyooka. Mwalimu Mkuu aligeuka kumtafuta dada yake mlangoni. Dada alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye fremu ya mlango, viganja vimefunika uso, na hapakuwa na mtu mwingine mle ndani wa kuulizwa.